Jiwe la Chokaa na Neno la Tonton Gervais

Tangu turudi mnaniuliza swali moja tu. Kwenye saluni ya Galerie d'Ixelles, maman anayenisuka aliniuliza hata sijakaa kwenye kiti. Sokoni Flagey niliulizwa na mtu ambaye alikuwa bado anachagua ndizi za makemba. «Alors, tonton alikubali?» Nikijibu kwa mdomo naharibu, kwa sababu hasira inatangulia na ukweli unabaki nyuma. Basi nimeamua kuandika, kama ninavyoandika kila siku kwenye daftari langu, ila hii ni kwa ajili yenu. Sikusoma sana, mnajua, niliishia la sita. Mahali nitakapomwonea mtu, mniambie.

Kwa wale watakaosomewa na hawatujui: mimi ni Mama Neema, mjane, nahudumia wazee majumbani mwao hapa Bruxelles. Neema ni binti yangu, muuguzi. Tonton Gervais ni mdogo wa marehemu mume wangu, na ni mzee wa kanisa letu hapa Matonge, mtaa wetu. Mume wangu alipoona anaondoka, alichukua mkono wa Neema akauweka katika mkono wa Gervais. Akasema: wewe ndiye baba yake. Neema hajasahau. Alipompata Simon, Mbelgiji wa huko kusini kwenye misitu ya Ardennes, aliniambia waziwazi: «Maman, kama tonton hasemi ndiyo, miye siolewi. Siwezi kupita nyuma ya mugongo ya papa.»

Kwa hiyo safari hii yote, treni na mlima na jiwe, tulikuwa tunafuata neno moja katika mdomo wa mtu mmoja.

Porte de Namur, na jambo la kwanza lililonikera

Kwetu mwenye kutaka binti ndiye anayekwenda. Anakuja na wazee wake, anasimama mlangoni, anaulizwa kama amepotea au amefika. Binti hatembezwi. Sasa jamani, sisi wenye binti ndio tuliovaa viatu asubuhi ya Jumamosi kwenda kujionyesha kwao. Nililala na jambo hilo, nikaamka nalo.

Lakini niseme yote. Nyanya yake Simon, ambaye wote wanamwita Mamie, alikuwa ametoka kubadilishwa nyonga na daktari alimkataza safari. Halafu siku ile kijijini kwao ilikuwa sikukuu. Wana jiwe la kale limesimama juu ya kilima, na kila mwaka wanalipaka chokaa. Familia ya Simon ndiyo inayobeba ndoo tangu zamani. Simon alitualika kwa heshima, alikuja mpaka nyumbani, akasimama mpaka nikamwambia kaa. Mimi nilisikia neno sikukuu, neno jiwe likapita. Hapo kosa ni langu.

Tonton Gervais alitukuta kwenye mlango wa metro wa Porte de Namur na suti ya kijivu na kofia. Mimi nilikuwa na sufuria ya sombe, majani ya muhogo, iliyofungwa katika kitenge, na ndoo ndogo ya sambaza, vidagaa vya kukaanga. Akaangalia mizigo.

«Shemeji, tunaenda kuonana na batu ao tunahama?»

«Siwezi kufika kwa batu mikono mutupu.»

«Sisi njo benye binti. Mikono yao njo inapashwa kujaa.»

Alikuwa na haki. Nikambebesha ndoo.

Treni iliyosimama kati ya ng'ombe

Baada ya mji wa Namur treni ilisimama. Haikusimama kituoni. Ilisimama katikati ya shamba, na ng'ombe wakatuangalia. Sauti ikatangaza kwamba kuna hitilafu mbele, tuwe na subira. Tulikuwa na subira zaidi ya saa moja. Kila baada ya muda ile sauti ilirudi kutushukuru kwa subira yetu, kitu ambacho kilinikera zaidi ya kuchelewa kwenyewe. Unanishukuruje kwa kitu ambacho sijakupa?

Njaa ikaingia, nikafungua ndoo ya sambaza. Mwanamke mmoja aliyekaa ng'ambo akainuka papo hapo, akachukua mkoba wake, akaenda kukaa mbali. Niliwaka. Nikamwambia Neema: umeona? Sisi tunavumilia harufu ya jibini lao miaka yote. Baadaye nilipoenda chooni nikamwona yule mwanamke. Alikuwa amekaa penye tundu la umeme, simu yake inachaji. Sasa sijui. Labda ni samaki, labda ni simu. Nimeandika yote mawili.

Kijana mmoja mwanafunzi alikuja kuuliza ni nini kile. Nilimpa. Alikula na vichwa, bila kuuliza, kama mtu aliyezaliwa Bukavu. Akarudi mara ya pili na sahani ya karatasi.

Ndipo tonton akauliza kuhusu jiwe. Namkumbuka akipangusa vidole kimoja kimoja.

«Neema, ile jiwe banaipaka chokaa juu ya nini?»

«Ni hadithi ya bazee, tonton. Banasema ile jiwe inaziba tundu yenye kufika mpaka katikati ya dunia. Zamani shetani alikuwa anatokea pale, anaenda kulala ku jiwe ingine ya bapa, chini ku musitu. Donc, basi, banapaka ile ya juu chokaa. Akiona ile weupe anaogopa, anabakia ndani.»

«Shetani.»

«Ni hadithi, tonton.»

«Weye unanitoa Bruxelles, miye muzee ya kanisa, unanipeleka kusalimia shetani.»

«Hapana, tunaenda kumufunga mulango.»

Mimi nilicheka. Tonton hakucheka. Aliweka kofia juu ya goti na kuangalia ng'ombe mpaka treni ilipoondoka tena.

Basi lililotaka kupigiwa simu

Kituo tulichoshukia ni kidogo, kina benchi moja na mashine ya tiketi. Simon alikuwa ametungojea pale na gari karibu saa nzima, halafu akarudi kijijini, kwa sababu watu wote walikuwa wanangoja chokaa. Alituachia ujumbe: pandeni basi, mtashuka mbele ya kanisa. Tukajaribu kumpigia. Kule kilimani simu hazishiki.

Tukangoja basi. Tonton alisimama wima, hakutaka kukunja suti. Basi halikuja. Mzee mmoja aliyekuwa anatembeza mbwa akapita, akarudi, akatuangalia, akasema basi la Jumamosi haliji lenyewe, lazima ulipigie simu siku moja kabla na kusema unataka kwenda wapi.

«Basi banaliita sawa daktari?» tonton aliniuliza kwa Kiswahili, sauti ya chini.

Niliudhika sana. Basi ni kitu cha kungojwa, haliitwi. Lakini nilienda kusoma ile nguzo, na kweli ilikuwa imeandikwa pale, kwa herufi ndogo, ila imeandikwa. Kifaransa nakisoma polepole. Siwezi kusema walituficha.

Mzee wa mbwa ndiye aliyetusaidia. Alisimamisha gari dogo la mizigo lililokuwa linapita, akasema maneno na dereva. Nyuma kulikuwa na kondoo wawili. Dereva, mwanaume mnene mwenye uso mwekundu, alifurahi sana kutuona. Akatupakia, Neema na mimi mbele, tonton nyuma kwenye benchi karibu na kondoo, amekumbatia sombe. Tukaenda kidogo, dereva akauliza:

«Na ngoma zenu ziko wapi?»

Neema akamwambia hatuna ngoma.

«Si ninyi wapiga ngoma wa leo?»

Niliomba arudie, nilifikiri sikusikia. Alirudia, tena kwa tabasamu. Mtu ameona wanawake wawili weusi wamevaa vitenge vya heshima na mwanaume mwenye kofia, akili yake ikaenda kwenye ngoma. Nikamwambia mimi ni mama wa bibi harusi, kama Mungu akipenda, na yule aliyeko nyuma na wanyama wako ni baba. Uso wake ukawa mwekundu zaidi. Akaomba msamaha mpaka tukafika.

Na ukweli unaoniudhi ni huu: wapiga ngoma walikuwapo. Walialikwa kweli. Tuliwakuta kule juu, wazungu watupu kutoka Liège, na ngoma za Kiafrika. Donc hakutunga. Lakini kosa ni kosa hata likiwa na sababu.

Kilimani

Hapa ndipo nilipokuwa naogopa kufika, hata kwa kuandika.

Dereva alitushusha chini ya njia ya kilimani. Hatukupelekwa nyumbani, hatukupewa kiti, hatukupewa maji. Kwetu mgeni anakalishwa kwanza, hata kama nyumba inaungua. Lakini tulikuwa tumechelewa zaidi ya saa tatu, na kijiji kizima kilikuwa kimesimama juu ya kilima kinatungoja sisi na ndoo imejaa. Najaribu kuwa na haki. Siku ile sikuweza.

Jiwe nililiona kabla ya watu. Ni refu kuliko mtu, limelala kidogo upande mmoja kama mlevi anayetafuta ukuta. Mwili wake ni wa changarawe zilizogandamana, na chokaa ya miaka iliyopita imebaki katika mikunjo. Hakuna anayejua nani alilisimamisha. Simon alisema watu walilivuta kwa kamba kabla hakujakuwa na chuma, na wakavuta mengine mengi, mpaka chini mashambani, ambako wameezeka mawe kwa mawe kama nyumba ya mtu mfupi. Niliogopa kidogo, naandika ukweli. Kitu ambacho mikono ya watu imekivuta hivyo kina uzito mwingine.

Baba yake Simon, monsieur Albert, alikuja mbio na mikono myeupe. Akamkumbatia tonton. Vidole kumi vya chokaa vikabaki kwenye mgongo wa suti ya kijivu. Mamie alikuwa ameletwa na gari kwa njia ya shamba, amekaa kwenye kiti cha kukunja, blanketi magotini. Alitupa mkono, mmoja mmoja, akatutazama machoni.

Halafu monsieur Albert akachukua brosi kubwa, akaichovya, akamtilia Neema mkononi. Akasema kwa sauti kwamba katika familia yao mwali mpya ndiye anayepaka pigo la kwanza. Watu wakapiga makofi. Ngoma zikaanza.

«Neema,» tonton akasema. «Weka ile chini.»

Neema alisimama na brosi, chokaa inadondoka kwenye viatu vyake.

«Tonton, ni muchezo tu.»

«Shetani hana muchezo. Mutu moja anapiga photo, kisha saa moja Matonge yote inaona mutoto ya kanisa anapakaa jiwe ya shetani, na miye pembeni sawa shahidi. Weka chini. Kama njo ndoa bale batu banataka, ndoa ya kuabudu jiwe, neno yangu ni hapana. Tunarudia.»

Hapana. Alilitamka. Neema alikuwa mweupe kama ile chokaa. Simon, ambaye Kiswahili chake ni cha habari gani na aksanti, hakuhitaji kutafsiriwa. Ngoma zikanyamaza moja moja, ile ya mwisho ikachelewa kuelewa.

Monsieur Albert akauliza kuna nini. Neema akasema, kwa Kifaransa laini sana, kwamba baba yake mdogo hafurahii mambo ya shetani. Na hapo dada yake monsieur Albert, anaitwa Béatrice, mwanamke mwenye miwani na sauti ya darasani, akacheka. Akasema usiogope, monsieur, kwetu hii ni folklore. Akaendelea: kwenu najua bado mnaamini kweli, mna fetishi na mizimu, ndiyo maana inakutia hofu. Kwetu ni mchezo wa kijiji.

Mimi mama wa binti sikupaswa kufungua mdomo. Desturi ni wazi, siku ya kujuana anasema mwanaume wa familia, mama anakaa. Nilikaa miaka mingi na desturi hiyo bila shida. Siku ile nilisikia mdomo wangu umeshaanza.

«Neema, mutafsirie.»

Nikaeleza. Kilimani kwetu kule Kivu, juu ya mji wa Walungu, palikuwa na mahali njia inapovuka mgongo wa mlima. Anayepanda aliokota jiwe chini, akalibeba mpaka juu, akaliweka pale na kusema: uchovu ubaki hapa. Ndiyo yote. Hakuna damu, hakuna mganga. Lundo lilikuwa refu kuliko mimi. Halafu watu wa misioni wakasema ni ushenzi, ni ibada ya jiwe. Nyanya yangu alikataa kuacha. Akanyimwa komunyo mpaka ateremshe mawe yale mwenyewe. Mwanamke mzee, na kitunga kichwani, siku baada ya siku, akateremsha uchovu wa watu wote waliopita pale kabla yake. Mimi nilikuwa mdogo, nilimfuata nyuma na mawe mawili mawili.

«Sasa mwambie huyu madame,» nikasema, «jiwe yetu ilikuwa zambi. Yao ni folklore. Nani aliamua? Nani alikaa ku meza na kugawanya?»

Neema alitafsiri. Lakini mimi Kifaransa nakisikia kuliko ninavyokisema, na nilisikia ameruka.

«Hukusema kitunga.»

«Maman…»

«Sema kitunga. Sema yote.»

Akasema yote. Béatrice alivua miwani.

Kwa kuwa nimeahidi haki, niongeze kitu ambacho sikukisema kule juu, na nilipaswa kukisema. Mtu aliyemlazimisha nyanya hakuwa mzungu. Alikuwa katekista, ndugu yetu wa damu, na aliamini anamwokoa. Na yale mawe yalijengewa msingi wa shule. Shule niliyojifunzia kusoma na kuandika hivi. Sijui niyaweke wapi mambo hayo mawili, nimeyaweka hapa.

Basi tonton ananiangalia kama amevuliwa kofia kwa nguvu, na mwanangu ameshika brosi inayodondoka. Nikaona ndoa inaanguka, na mimi ndiye niliyeongeza kuni. Ndipo nikakumbuka kilichokuwa kinanikera tangu asubuhi, tangu Porte de Namur. Hakikuwa shetani hata kidogo.

Nilichukua brosi mkononi mwa Neema. Nikairudisha ndani ya ndoo.

«Waambie hivi. Kwetu binti ambaye hajaombwa hashiki kazi ya nyumba ya wakwe. Hafagii, hachoti maji, hata sahani aliyolia haoshi. Akishika kazi kabla hajaombwa amejitoa mwenyewe, na siku ya ugomvi wataambiana: huyu alikuja mwenyewe. Hii ndoo ni kazi ya nyumba yao, wamesema wenyewe. Neema si wa nyumba yao. Hakuna aliyekuja kumwomba. Wakija wakamwomba, wakapewa, mambo ya jiwe na chokaa yatakuwa kati yake na mume wake na Mungu wake.»

Wa kwanza kujibu alikuwa Mamie. Alisema siku alipoletwa kilimani pale na wakwe zake, alitiwa ndoo mkononi hivyohivyo, na hakuna aliyemuuliza chochote, wala yeye wala mama yake. Akasema: nilipaka, nikatabasamu, na nimekasirika mpaka leo. Monsieur Albert akamwambia, mama, hujawahi kusema. Akajibu hakuwahi kuulizwa.

Halafu akamgeukia tonton, akampita Albert kwa macho, akanipita na mimi. Akamuuliza kwa adabu: monsieur, kwenu mtu anaombaje?

Tonton alikuwa na mgongo wa chokaa na viatu vya kinyesi cha kondoo. Alinyoosha suti. Akajibu kwa Kifaransa chake cha kanisani, kirefu, kwamba anayetaka binti anakwenda kwao na wakubwa wake, anagonga, anangoja kuulizwa. Akamaliza: na akigonga, siyo kwamba nimesema nitafungua.

Simon alipaka jiwe peke yake siku ile. Tonton aliligeuzia mgongo mpaka mwisho, mikono nyuma.

Mezani

Nyumbani walitukalisha, na wakatuhudumia vizuri, siwezi kulalamika. Isipokuwa sahani ya kwanza. Ilikuwa soseji nyeusi. Tonton akauliza ni ya nini. Monsieur Albert, kwa fahari, akasema ni ya damu, anatengeneza mwenyewe. Tonton aliweka uma chini taratibu sana, kama anaweka mtoto aliyelala. Kanisani kwetu damu hailiwi. Albert alipoelewa alichukua sahani zote, hata yake mwenyewe, akaenda nazo jikoni. Akarudi na viazi na mayai.

Sombe yangu wakaila. Mamie aliongeza mara mbili. Albert aliuliza kama ni spinachi, nikamwambia hapana, nikaacha hapo, nilikuwa sijatulia.

Béatrice alinifuata jikoni. Alisema: nilisema vibaya. Nikamwambia ndiyo, ulisema vibaya. Nilingoja aongeze neno «lakini», kama wanavyofanya. Hakuongeza. Akauliza kama lile lundo watu walilianzisha tena. Nikamwambia sijui, niliondoka na vita, sijawahi kurudi. Tukaosha vyombo. Nikakumbuka katikati ya sahani ya tatu kwamba mimi pia sikupaswa kuosha, na nikaendelea tu.

Kurudi Bruxelles

Simon alituleta mpaka kituoni. Mbele yake tonton alitoa mkono, akasema asante kwa viazi. Neno lingine hakuna.

Ndani ya treni alikaa peke yake, viti viwili mbele yetu. Neema hakulia. Alikuwa anakwangua chokaa kwenye kiatu kwa kucha, anakwangua, anakwangua. Nilimwambia umeshamaliza, kiatu kimetakata. Akasema najua.

Mimi nilikuwa nahesabu makosa yangu. Nilisema mbele ya mwanaume. Nilipandisha sauti kwa wenyeji. Nilimlazimisha mtoto kutafsiri maumivu ya ukoo kwa watu ambao alitaka wampende. Tonton akikataa sasa, atakuwa amekataa kwa sababu yangu, siyo kwa sababu ya jiwe. Nikainuka, nikaenda kukaa mbele yake.

«Shemeji, ulinivua nguo mbele ya batu,» akasema bila kuniangalia.

«Najua.»

«Miye njo mwenye kusema.»

«Najua. Lakini ulikuwa umesema hapana kwa kitu ambacho si chenyewe.»

«Shetani si chenyewe?»

«Gervais. Tulikuwa kilima moja. Nilikuona na macho yangu, weye na yaya yako, papa ya Neema, siku ya soko, unabeba jiwe kuweka pale juu. Ulichagua kubwa kumushinda yeye.»

Treni ilisimama mahali, watu wakashuka, ikaondoka.

«Yeye njo alichagua kubwa,» akasema. «Ya kwangu ilikuwa kidogo. Nililia njiani, akanibebea.»

Nilirudi kwa Neema.

Tulipokuwa tunakaribia Bruxelles simu ya tonton ikalia. Alikuwa mke wake, nilimsikia kwa sababu tonton anaweka simu kwa sauti hata akiwa kanisani. Akamuuliza kama mnavyoniuliza ninyi nyote: alors, ulikubali? Tonton akavua kofia, akaikagua ndani.

«Hapana, mama, sijakubali kitu. Hakuna mwenye aliniomba kitu. Sikiliza. Angalia ku kalenda Jumamosi gani haina kwaya. Ile nyonga ikipona, bakwe banakuja kugonga. Na utafute kiti ya maana kwa ile mamie, si ile ya plastiki.»

Bakwe, yaani wakwe. Tangu Neema alipomtaja Simon kwa mara ya kwanza, tonton aliwaita bale batu, basi. Neema aliacha kukwangua kiatu.

Basi, ninyi mnaouliza: hakusema ndiyo. Sitaki kuandika kwamba alisema, kwa sababu hakusema. Alitafuta kiti.